Papa Tolie na Mshono wa Juu ya Paa

Papa Tolie alikuwa akifumba macho anapopiga msasa, na sisi majirani tulidhani ni maringo. Anaketi kwenye kigoda mlangoni pake, gari dogo kiganjani, beseni la maji katikati ya miguu, uso kauinua kama mtu anayesikiliza habari za redio, na kidole gumba kinakwenda na kurudi, kinakwenda na kurudi. Watu waliokuwa wakipanda kwenda soko la Kadutu, pale Bukavu, walisimama kumwangalia. "Huyu muzee, hata haangalie!" Naye alitabasamu bila kufumbua. Mimi, kwenye cherehani yangu ng'ambo ya kijia, nilitikisa kichwa nikasema moyoni: wanaume na kujionyesha, hata mvi haziwaponyi.

Kumbe wapi! Lakini hilo nitalifikia. Kwanza niseme kwamba leo ninakaa Bagira, kwa mwanangu, na majirani nilionao ni watu wa heshima, wanasalimia asubuhi na jioni, ila hakuna hata mmoja anayeloweka msasa. Nikikumbuka ule mkwaruzo, kwas, kwas, kwas, navuta pumzi ndefu kama mtu aliyevuka mto na mzigo wake wote. Maana ilibaki kidogo sana tumkose. Si kwa kufa. Kwa kuchukuliwa.

Jina lake lipo na ninalijua, lakini pale kijiani petu hakuna aliyelitumia. Tolie ni fundi wa garajini anayenyoosha bodi za magari yaliyogongwa, na yeye alikuwa ameifanya kazi hiyo mpaka mgongo ukakataa kuinama. Magari makubwa yalipomshinda, akahamia madogo. Gari la Papa Tolie lilikuwa na urefu wa kiatu cha mtu mzima, na lilitoka ndani ya frigo iliyokufa. Kwetu umeme ukienda na kurudi kwa hasira huua frigo za watu ovyo, na yeye alijua kila ua lililokuwa na maiti ya frigo. Alikata ile plastiki nyeupe ya ndani, akaipasha moto juu ya mbabula, lile jiko la makaa, hadi ilainike, akaikunja juu ya kibao, kisha akagandisha vipande: ubavu huu, ubavu ule, boneti, paa. Pale vipande vinapokutana pana mshono, na huo mshono ndio uliokuwa adui yake hapa duniani.

Tulijuana kwa ajili ya sindano. Siku moja alivuka kijia, akasimama mbele ya cherehani, hakusalimia vizuri (tabia hiyo hakuiacha), akauliza:

"Mama Neema, sindano yenye inavunjika unaitupaka wapi?"

"Mu taka, Papa. Ulitaka nizitupe wapi, mu sahani?"

"Usitupe tena. Unipatie."

Nikampa. Kesho yake nikavuka mimi, kwa udaku wangu, nione anazifanyia nini. Alikuwa ameifunga sindano kwenye kijiti na kuchora nayo mistari ya milango, polepole, ubavuni mwa gari. Maana mastiki, ule uji mzito wa kuzibia mishono, ikipakwa haichagui: inafunika mshono, inafunika na mlango, gari linabaki kama sabuni. Inabidi mlango uchorwe upya.

"Mustari wa mulango iko ya gari," aliniambia. "Mushono iko yangu mimi. Ya gari inabakia, yangu inatoka."

"Mimi mishono njo inanilisha, Papa. Wewe unaichukia. Tutasikilizana namna gani?"

Akanivuta ukingo wa kitenge nilichokuwa nimeshona mwenyewe, akaupitishia kidole gumba kama karani anayekagua muhuri. "Yako inashika nguo," akasema. "Yangu inasemaka tu fundi alichoka." Basi urafiki wetu ukaanzia hapo, kama ule ulikuwa urafiki, kwa maana siku nyingi ulifanana zaidi na ugomvi.

Mastiki aliyotumia ni ileile ya garaji, ile wanayozibia magari makubwa. Aliikoroga juu ya kipande cha kioo pamoja na dawa yake nyekundu, kidogo kama punje ya mchele, akaipaka kwenye mshono kwa kijiti cha mwanzi alichokuwa amekichonga bapa. Halafu akaliweka gari juu ya rafu na kuanza kungoja, na hapo ndipo alipowashinda mafundi wote niliowahi kuwajua. "Mastiki inakunywaka," alisema. Alimaanisha kwamba ikikauka hujivuta na kushuka, inazama ndani ya ufa taratibu, hata baada ya wewe kuiona iko sawa. Mtu wa haraka anapiga msasa siku hiyohiyo, anapiga rangi, inang'aa, anaita watu waje waone. Ukipita mwezi ule mstari unarudi palepale, kama panya aliyefukuzwa kwa ufagio.

Kwa hiyo yeye alipaka, akangoja, akapiga msasa ndani ya maji, ameuzungusha kwenye kipande cha soli ya kandambili ili usile plastiki. Akapaka tena, akangoja tena. Kisha rangi ya chini, ya kijivu, ambayo yeye aliiita apre, na ambayo wengine huidharau kwa kuwa haipendezi. Kwake hiyo ndiyo iliyokuwa hakimu. Akishaipuliza, analishika gari mlangoni, jua likiwa limelala, analigeuza pole, na kama kuna mstari wowote uliobaki kivuli chake kinajitokeza. "Rangi haifichake kitu," alisema. "Rangi inasemaka." Sentensi hiyo niliisikia mara nyingi kuliko mahubiri ya Jumapili.

Sasa usidhani mtu mwenye uvumilivu kama huo kwa mastiki alikuwa nao kwa binadamu. Thubutu! Ukimwambia neno mara mbili anakufokea. Motari, dereva wa pikipiki, akipiga honi karibu na mlango wake wakati apre inakauka, vumbi likaruka, utasikia matusi ya garajini, ya Kiswahili, ya Kifaransa, na ya Mashi, lugha ya bibi yake, juu. Kanisani kidole gumba hakikutulia, padri anahubiri, yeye anapapasa ukingo wa benchi, na siku moja katikati ya matoleo akaniinamia akaninong'oneza, "Hii benchi, seremala aliiharakisha." Watu wakageuka. Nilimkanyaga mguu, akanikanyaga na yeye.

Na ile nyumba yake, Mungu wangu! Mtu aliyechukia ufa wa unywele mmoja kwenye gari la plastiki alilala katika nyumba ya mbao yenye nyufa za kupitisha mkono. Mvua ikinyesha alisogeza kitanda, hakusogeza msumari. Siku aliyoniletea suruali nimtilie kiraka niliigeuza juu chini nikamwambia, "Papa Tolie, gari yako haina mushono, na suruali yako haina makalio." Akanijibu bila hata kucheka, "Suruali hawaipakake rangi."

Zile siku za masasi, risasi zikilia mjini, tulipokuwa tumejifungia ndani na kijia kizima hakina hata mbwa, nilimsikia kupitia mbao. Kwas, kwas, kwas. Nilikuwa nimelala chini na wajukuu, mikono yangu juu ya vichwa vyao, na ule mkwaruzo ukawa unanishika moyo usianguke. Nilijua yuko mzima, na kama yuko mzima na anapiga msasa basi na sisi tutaamka. Baadaye nilimwambia. Akasema, "Nilikuwa naogopa kabisa. Mikono ilikuwa inatetemeka, nikaharibu boneti."

Lakini kazi yake iliyojulikana mpaka mabondeni ilikuwa ya madereva waliokufa. Kwetu siku ya kuondoa matanga familia huweka picha ya marehemu mezani, na maua, na mshumaa. Yeye ndiye aliyeanzisha, kwa dereva mmoja rafiki yake wa zamani, kuweka pembeni ya picha gari lile alilokuwa akiliendesha, dogo, limekamilika. Wengine wakaona, wakataka, ikawa desturi ya madereva wa pale. Na wafiwa walipokuja kuagiza hakuanza kwa kuuliza aina ya gari wala mwaka. Alianza hivi: "Ilipondekaka wapi?"

Watu walishangaa. Mwingine alikasirika: baba yangu unataka kumwekea gari la kupondeka? Lakini yeye hakulegeza. Akishaua mishono yote, akishapata bodi laini kama yai, alipasha kijiko moto akabonyeza pale pale gari halisi lilipokuwa limebonyea. Mshono, aliniambia, ni kosa la fundi, na fundi hana haki ya kuingiza makosa yake katika msiba wa watu. Lakini pale gari lilipogongwa ni maisha ya mwenyewe, nani kamtuma kuyafuta? Mimi nilimwona ni kichaa, mpaka nilipoona wajane wakishika yale magari. Hakuna aliyeshika taa wala usukani. Wote kidole kilikwenda kwenye bonde.

Ndivyo alivyokuja yule mjane wa dereva wa taksi, mama mmoja mpole wa kule juu, ambaye ndiye aliyetufumbua macho sisi wengine. Taksi ya mumewe ilikuwa imebonyea mlango wa kushoto: aligonga nguzo ya lango la materniti asubuhi aliyozaliwa mtoto wao wa kwanza, kwa furaha, akirudi nyuma bila kuangalia. Papa Tolie alifanya kazi ile kwa muda mrefu kuliko kawaida. Siku ya kuja kuchukua nilivuka kijia, kwa kuwa nilipenda kuona. Mama akalipokea gari, kidole kikateleza mlangoni, kikazama katika lile bonde.

"Eh! Njo yenyewe," akasema, na machozi yakamtoka huku anacheka. "Njo yenyewe, Papa. Njo pale."

Kisha akalitoa nje, kwenye mwanga. Aliligeuza huku, akaligeuza huku.

"Papa," akasema kwa sauti ndogo, "gari ya bwana yangu ilikuwa bordo, nyekundu kama divai. Hii iko ya kahawa."

"Ngojea ikauke."

"Iko mukavu, Papa."

Papa Tolie akanyoosha mkono, akalichukua, akalipitishia kidole gumba juu ya paa, juu ya boneti, ubavuni, akarudia, kana kwamba rangi ni kitu cha kupapaswa. Nikaangalia rafu, makopo yake ya rangi yamepangwa kama siku zote, na nikakumbuka kwamba tangu mvua za nyuma alikuwa na mchezo wa kuniuliza, "Mama Neema, ile kopo ya pembeni njo gani?" nami namjibu kwa mzaha, "Huna macho?"

Mjane alikuwa na utu. Alisema siku ya matanga bado iko mbali, atangoja. Alipoondoka, nikasimama mbele ya kigoda.

"Papa Tolie, kitambaa yenye nilivaa iko rangi gani?"

"Uko na mudomo murefu, wewe mama."

"Rangi gani?"

Maji ya beseni yalikuwa yametulia kabisa. "Mama Neema," akasema, "wewe niko nakuona kivuli yenye inasemaka."

Nililia pale pale, siwezi kuficha. Akaniambia ilianza kidogo kidogo, ukungu asubuhi, halafu ukungu siku nzima. "Ni kama mutu alinipaka apre mu macho," alisema. Kufumba macho akipiga msasa hakukuwa maringo hata kidogo: ule ukungu ulimchanganya vidole, akaona heri giza lote kuliko mwanga wa uongo. Na sisi tulikuwa tukisimama pale kumpigia makofi! Akajitetea na msemo wake mwingine, ambao alikuwa nao hata zamani akiwa na macho mazuri: "Jicho inadanganyaka. Kidole hapana." Nikamwambia kidole chako hakikujua bordo.

Aliniomba neno moja, nisimwambie binti yake. Huyo binti anakaa Kalehe, mbali kando ya ziwa, ana mume, ana shamba, ni mwanamke mwenye roho safi na mikono ya kazi, na alikuwa akimletea baba maharage na viazi. Alikwisha sema zamani: siku Papa asipoona au asipotembea, anafunga nyumba ya Kadutu na kumhamishia kwake. Na nani angemlaumu? Ndivyo mtoto mwema anavyofanya. Lakini Papa Tolie aliiogopa Kalehe kama mtoto anavyoogopa bweni.

Mimi sikusema, ingawa ulimi uliniwasha. Chai ndiyo iliyosema. Binti alikuja, baba akataka kumkaribisha kwa heshima, akammiminia chai pembeni ya kikombe, juu ya meza, ikamtiririkia mpaka magotini, na yeye anaendelea kumimina huku anauliza habari za wajukuu.

Binti akamshika mkono, akaliweka birika chini. "Papa," akasema, "tunaenda Kalehe."

"Kufanya nini?"

"Kupumuzika. Utakaa, utakula, utalala. Nitakuwekea kiti mu baraza."

"Na kisha?"

"Na kisha nini, Papa? Kupumuzika, basi."

Mimi nilikuwa mlangoni, nikamwona Papa akigeukia rafu ambayo hakuiona. Gari la mjane lilikuwa pale. Alikuwa ameivua ile kahawa yote kwa msasa, akarudi mpaka kwenye plastiki, akaziba upya, akapiga apre, na hapo akakoma. Rangi alikataa kupaka, kwa mkono wake wala kwa macho ya mwingine. Lilikaa kijivu, linangoja, na siku ya matanga inakuja.

Kijia kizima kilijua kwamba kule Katana, hospitalini, wanatoa mtoto wa jicho. Kulikuwa na mama muuza samaki aliyerudi kutoka huko anahesabu magamba. Lakini ukimtajia Papa Tolie, anapanda juu. "Sindano mu jicho? Mimi njo nachongaka na sindano! Najua yenye inafanya!" Na akitulia alisema lile lililokuwa chini ya hasira: "Sasa niko naona kivuli. Wakikosa, hata kivuli inaenda."

Siku moja nilishindwa kujizuia. Nilikuwa na kanzu ya komunyo mkononi, nikaitupa juu ya cherehani, nikavuka kijia.

"Papa Tolie, wewe njo ulitufundisha hapa wote rangi haifichake kitu. Sasa wewe unafanya nini? Unafumba macho, unacheka, watu wanakushangilia. Unapaka rangi juu ya mushono, Papa! Tena mukubwa! Na mustari umerudi, mutoto wako ameuona, utaenda Kalehe kukaa mu kiti mupaka ufe, na mimi nitabaki hapa na sindano zangu zenye kuvunjika, nitamupa nani?"

Sijawahi kumsemea mtu mzima hivyo, hata marehemu mume wangu, naye alistahili. Papa Tolie akachukua msasa, akaulowesha, akaanza. Kwas, kwas. Nikageuka niende zangu.

"Mama Neema," akasema nyuma yangu. "Katana haiko mu njia ya Kalehe?"

"Iko mu njia."

"Bon," akasema.

Basi safari ikawa ya namna ambayo sijaona tena. Hakuna aliyejua inaishia wapi. Tulifunga kila kitu: godoro, kigoda, beseni, makopo, kibao cha kukunjia. Binti alikubali kwa shingo upande: tungesimama Katana, wajaribu jicho moja; likifunguka, baba anarudi Kadutu; lisipofunguka, tunaendelea mbele, Kalehe, na hadithi imekwisha. Papa Tolie alifunga mlango kwa waya wake uliokuwa kufuli, akaushikashika muda mrefu. Gari la kijivu alilibeba mwenyewe, nililizungushia kipande cha kitenge. Njiani ziwa lilikuwa upande wetu wa kulia na hakuuliza linafananaje.

Walimfanyia jicho la kulia. Asubuhi iliyofuata mimi na binti tulikaa kwenye benchi la varanda, mizigo yote chini ya miguu yetu, yeye na rozari, mimi na mikono mitupu. Nilisali hivi, wala sioni haya kusema: Bwana, huyu mzee ana kelele, anakanyaga watu kanisani, lakini umrudishie jicho, hata kama ni dogo.

Muuguzi akamtoa, akamkalisha, akabandua plasta. Jicho lilikuwa jekundu, linatoa maji. Akalipepesa. Binti aliacha kuhesabu rozari. Kisha ule uso ukageukia kwangu, ukakaa.

"Mama Neema."

"Karibu, Papa."

"Kitambaa yako iko ya kijani. Na maua ya njano." Akanikazia zaidi. "Na umezeeka!"

Nilicheka kwa sauti ambayo varanda nzima iliisikia. Lakini binti hakucheka bado. Rangi ya kitambaa ni jambo moja, alikuwa anawaza, na mtu kuishi peke yake kwenye mteremko wa Kadutu, na moto wa mbabula, na sindano, ni jambo lingine. Muuguzi alisema jicho litaendelea kuwa zuri taratibu, asilisugue, asiinamishe kichwa. Binti akauliza kama baba ataweza kazi ya karibu, ya vitu vidogo. Muuguzi akasema labda na lineti, yaani miwani. Neno "labda" likakaa kati yetu.

Papa Tolie akaomba gari lake. Nikalifungua kitenge. Akaomba tena, "Na lineti yako ya kushonea." Nikamvalisha, akaonekana kama bibi kizee. Tulimtoa uani, ambako jua la asubuhi lilikuwa bado limelala, akalinyanyua gari mbele ya uso wake na kuligeuza, pole, kama alivyokuwa akifanya mlangoni pake miaka yote. Alipitisha kidole gumba juu ya paa. Kikateleza vizuri. Akaligeuza tena. Akasimama.

Uso wake ukabadilika. Mimi nikasema basi, haoni, ile ya kitambaa ilikuwa bahati tu.

"Mushono," akasema.

"Nini, Papa?"

"Mushono! Juu ya paa! Mustari, huu hapa, kutoka huku mupaka huku! Mastiki ilikunywa!" Alikuwa anapiga kelele. "Mukuje muone! Mukuje wote muone! Iko mubaya! Iko mubaya kabisa!"

Wagonjwa waliokaa kando ya ukuta, kila mmoja na plasta yake jichoni, waligeuza vichwa huku na huku wakitafuta kitu cha kuona. Nikachukua lile gari, nikapapasa paa kwa vidole vyangu vya fundi wa nguo ambavyo vinajua uzi uliopotea. Laini kabisa. "Sisikie kitu, Papa," nikasema.

"Hausikie! Hata mimi sisikie! Kidole ilinidanganya!" Alikuwa analia na kucheka, maji yakimtoka macho yote mawili, lile zima na lile bovu. "Kidole haisikie kitu, Mama Neema, lakini niko naiona. Niko naiona!"

Muuguzi akaja mbio kumgombeza asililoweshe jicho. Papa Tolie akamwonyesha na yeye ule mstari. Nilivaa lineti yangu, nikaliinamisha gari kwenye jua kama alivyonifundisha, na ndiyo, ulikuwapo, mwembamba kuliko uzi wowote niliowahi kutunga.

Walipotupa ruhusa tukashuka barabarani, mimi na Papa Tolie na binti yake na mizigo. Tulisimama upande wa magari ya Kalehe, kwa kuwa ndiko tulikokuwa tumeteremkia, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kusema neno. Yeye hakuona hata tumesimama wapi. Alikuwa ameshika gari karibu na pua, anaongea peke yake: atalikwangua paa lote, ataziba, atangoja, hatakubali haraka, na bordo safari hii ataichagua mwenyewe kopo kwa kopo, mama wa watu asije akaondoa matanga na gari ya kijivu.

Binti yake alimwangalia muda mrefu. Kisha akainama, akajitwisha godoro kichwani, akachukua kigoda kwa mkono mmoja na beseni kwa mkono mwingine, na akavuka barabara, akaviweka chini upande ule yanakosimama magari ya kurudi Bukavu.